Haruni wa Chwaka

Magofu ya Chwaka, jirani na Tumbe kisiwani Pemba, huitwa magofu ya Haruni, mtawala wa hapo, na ni haki yaitwe hivyo. Mkumbuu na Msuka nazo zina misikiti ya mawe ya kale, lakini jina la bwana mmoja halikuzishika kama hapo Chwaka.

Nasaba yake ni hii: Haruni bin Ali bin Muhammad bin Abdulrahman, na huyo Muhammad ndiye Mkama Ndume wa Pujini. Wapo wanaosema Haruni ni mwana wa Mkama Ndume. Hao wamemruka Ali, kwa kuwa hakuna jengo linalotajwa kwa jina lake. Wazee waliotuhadithia hawakumruka, nasi tunawafuata: Haruni ni mjukuu.

Babu yake alijenga ngome Pujini katika karne ya 15, na wazee wanasema watu wake walibeba mawe huku wakisota kwa matako. Alikuwa na wake wawili wasiopatana hata kisimani. Akatia ukuta kati ya kisima kimoja: huyu akateremka kwa ngazi za mawe, yule akateka juu kwa ndoo na kamba, wasionane nyuso.

Haruni naye alipewa lakabu ya Mvunja Pau, ati kwa ukali. Huenda alikuwa mkali. Mji wa misikiti ya mawe na chokaa hauendeshwi na mpole. Hata hivyo Chwaka haikuanza naye. Ilikuwapo tangu karne ya 11, na Tumbe ya kale ni kongwe zaidi.

Kwa habari ya ukongwe, lazima niwajibu ndugu zetu wa Unguja. Wao hutamba na Kizimkazi, ambako kibla kimechorwa kwa Kikufi jina la Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan na mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Maandishi hayo ni ya kweli na ni mazuri. Lakini msafiri al-Masudi alisafiri kutoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, na akaandika kuwa kisiwani humo wamo Waislamu. Wataalamu wengi wanaiweka Kanbalu hapa Pemba, na wengine wanaitaja Ras Mkumbuu hasa. Basi Kizimkazi wana jiwe lenye jina, nasi tuna karibu miaka 200 ya kuwatangulia. Msuka nako, katika kibla, mwaka 816 Hijria umechorwa bila jina la mjenzi.

Baada ya Haruni waliitawala Pemba madiwani, Wareno, kisha Wamazrui wa Mombasa mpaka Sayyid Said alipowaondoa miaka ya 1820. Wamazrui waliacha makaburi yao hapo hapo Chwaka. Haruni naye kalala Chwaka, na magofu yangali kwa jina lake.