Ukinzani wa Kuongeza

Katika jimu nyingi za kujitengenezea, "vyuma" ni bomba lenye mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji. Saruji ikishakauka, msuli hauulizi ni chuma au ni nini. Ndiyo maana "kunyanyua vyuma" ni jina zuri la mtaani lakini istilahi mbovu: linataja kifaa na kuacha tendo. Kinachofanyika ni kwamba kuna kitu kinachokataa kwenda, na msuli unalazimika kukishinda. Kitu hicho chaweza kuwa mkebe wa saruji, mpira wa kuvuta, au uzito wa mwili wako unapopiga pushapu.

Maneno matatu yanagombea nafasi ya kutaja kukataa huko. "Upinzani" umeshachukuliwa na wanasiasa, na sidhani watauachia. "Usugu" uko kwa madaktari, pamoja na vijidudu visivyosikia dawa. Umebaki "ukinzani", ambao mwanafunzi wa fizikia anaujua kwenye umeme. Umetokana na kukinza, nao ndio nauchagua.

Bado nusu ya istilahi. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyetibu majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia huko Chicago, mwaka 1945 aliandika juu ya mazoezi ya ukinzani "mzito". Kufikia 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins walikuwa wameacha neno hilo na kuweka lingine lenye maana ya kupanda hatua kwa hatua. Mgonjwa alitafutiwa uzito anaoweza kuuinua mara 10 na si zaidi. Alipopata nguvu, uzito ukaongezwa. Wafasiri wetu hukimbilia "endelevu", lakini kitu endelevu ni kile kinachodumu, hata kama hakijasogea hata inchi. Heri tuseme "ukinzani wa kuongeza".

Upime msemo huo hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mpakiaji anayejitwika gunia la mahindi la kilo 90 amepita mbali kilo 55 ambazo Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 ziwe kikomo cha mwanamume mzima. Nguvu anazo, nani abishe? Lakini gunia la leo ni lilelile la mwaka jana, na idadi ya magunia huamuliwa na lori, haiamuliwi na mgongo wake. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika, na kibarua wa kulipwa kwa siku hapumziki. Ukinzani anao tele; kuongeza kwa kipimo hana. Mwendesha baiskeli ya boda boda, kazi iliyozaliwa hapahapa Busia kwa kuvusha watu toka mpaka hadi mpaka, ana mapaja na pumzi, ila kifua na mabega yake hayajui kazi hiyo. Mkulima wa upande wa Sigalame, karibu na vilima vya Samia ambako zamani waliyeyusha chuma cha majembe, ana mgongo na mikono, lakini msimu wa kulima ukipita jembe hupumzika naye hupumzika.

Kwa hiyo anayeuliza achague vyuma au kukimbia ameuliza vitu viwili kama kimoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya pumzi, na juu yake siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli mikubwa. Juu yake, si badala yake. Mwenye baiskeli ameshalipa la kwanza, anadaiwa la pili.

Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpaka wa Malaba anadaiwa yote. Atembee kwa haraka kando ya foleni, kisha ashike bampa apige pushapu akiwa ameinama kidogo. Wiki za mwanzo nguvu zitapanda kabla msuli haujanenepa, kwa sababu neva ndizo zinazojifunza kwanza. Bampa likiwa rahisi, ahamie kwenye tairi la akiba lililolazwa chini, halafu ardhini. Hajanyanyua chuma, lakini kila anaposhuka, mikono yake inabeba sehemu kubwa zaidi ya mwili wake.