Minyaa ya Mahame

Mwaka jana nilirudi Utemini, mjini Singida, kwa utafiti wa shahada yangu ya uzamili. Nilikuwa natafuta mahame ya watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Mafaili niliyosoma yalieleza vijiji walikopelekwa. Walikotoka hayakusema.

"Tafuta minyaa, mjukuu wangu," bibi aliniambia.

Nilidhani naujua mnyaa, ambao wengine huuita mnyara. Kumbe kila mmea wenye maziwa nilikuwa nauita hivyo. Bibi alicheka. Utomvu mweupe, alisema, hata mpapai unao. Mnyaa utautambua kwa matawi: ya kijani, ya mviringo, membamba kama penseli, kana kwamba hayana majani. Majani yapo kwenye ncha changa, madogo mno, na hupukutika mapema. Nilipotaka kuvunja tawi alinishika mkono. Maziwa yake yakiingia jichoni huunguza, na yanaweza kupofusha.

Ukali huo ndio uliowapa wazee uzio. Mifugo haiugusi, na tawi likichomekwa tu ardhini hushika, hata penye mvua haba kama kwetu. Wamasai huuita emanyara, na inasemekana Ziwa Manyara lilipata jina hapo. Kwingine Afrika Mashariki utomvu wake ulitumika kulevya samaki. Linnaeus alipouandika kitabuni mwaka 1753 alitumia jina lake la Malabar, India: tirucalli.

Siku ya tatu, mbali nje ya mji, tuliona minyaa mirefu kuliko nyumba, imejipanga nusu duara katikati ya vichaka. Hapakuwa na ukuta wala figa. Tembe zilikwisha kurudi kuwa udongo. Bibi alisimama penye pengo.

"Hapa ndipo ng'ombe walipokuwa wakiingilia," alisema. Kisha akanionyesha alipozikwa mama yake.

Sasa mjomba anataka kung'oa uzio wa bibi pale Utemini ajenge ukuta wa matofali. Simlaumu; wezi hawaogopi utomvu. Nimemwomba asubiri kwanza niupime na kuuchora. Matawi yake ya mwanzo bibi aliyakata kule mahameni siku walipohamishwa, akayapanda kijiji kipya, na alipohamia mjini akaja na mengine kutoka kwenye hayo.