Kanda Zilizokatika: Ukarabati wa Kaseti Nyumbani, Kitale na Bungoma

Kanda ya kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 1963, ilienea nchini Kenya katika miaka ya 1970 na 1980, na huko Kitale na Bungoma ilifanya kazi ambayo santuri haikuiweza, kwa kuwa mwenye redio kaseti na betri aliweza kunasa sauti uani kwake. Wabukusu, jamii ya eneo hilo, walirekodi litungu, ala ya nyuzi ya jamii ya kinubi, na hasa kumuse, yaani hotuba ndefu ambayo msemaji maalumu huitoa baada ya mazishi ya mzee, akisimulia historia ya koo na kuwaonya walio hai. Manguliechi wa Bungoma ndiye aliyevuma zaidi katika sanaa hiyo. Mara nyingi rekodi ya namna hiyo haikuwa na nakala ya pili, na kwa sababu hiyo ukarabati wa nyumbani unastahili kuhesabiwa kuwa kazi ya kuhifadhi kumbukumbu, wala si ubanaji wa matumizi tu.

Hitilafu ya kawaida ilikuwa redio kula kanda, hali inayotokea roli ya mpira inapochafuka au betri zinapodhoofika, kiasi kwamba utepe unaovutwa haukunjwi upesi inavyotakiwa na hujisokota ndani ya mashine. Mwenye kanda aliuchomoa polepole, kisha akaurudisha kwa kuzungusha kalamu ya biro, ambayo kingo zake sita hushika meno ya kitovu cha kaseti. Utepe ulipokatika, ncha zilikatwa mshazari kwa wembe ili kiungo kisilie, zikaunganishwa kwa selotepu upande wa nyuma, maana upande wa pili ndio uliopakwa oksidi ya chuma inayobeba sauti. Selotepu ilipaswa kupunguzwa ilingane na upana wa milimita 3.81, na kwa kuwa utepe hupita kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, aliyetupa sentimita 10 zilizokunjamana alipoteza sekunde mbili za maneno, muda unaotosha kutaja jina la babu.

Kaseti zenye skrubu zilifunguliwa kwa bisibisi. Zilizogandishwa zilibanduliwa kwa kisu, na utepe ukahamishiwa katika ganda jingine. Udhaifu mkubwa ulikuwa gundi ya selotepu, ambayo hutoka pembeni kwenye joto na kukauka kwa miaka, hivyo anayetaka leo kuzihamishia kanda hizo kwenye kompyuta hulazimika kwanza kuviunga upya viungo vya zamani.