Igogo na Miaka Isiyo na Baraza

Atokaye katikati ya Mwanza akishika barabara ya kusini, iendayo Mkuyuni na Butimba, huipita kata ya Igogo kabla hajatulia kitini. Upande mmoja lipo ziwa; upande wa pili kuna kilima cha majabali, na juu ya majabali nyumba zimepandana hata paa la jirani wa chini linakaribia kizingiti cha jirani wa juu. Wageni hupenda kukipiga picha kilima hicho. Ni wachache waulizao imekuwaje watu wakajenga mahali ambapo hata shimo la choo halichimbiki.

Pwani na Mwanza zinajuana tangu zamani. Msafara uliomfikisha Speke ziwani mwaka 1858, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, ulitoka huku kwetu pwani. Wajerumani waliufanya mji huo makao ya utawala mwaka 1892, na mwaka 1928 Waingereza wakaifikisha reli kutoka Tabora ili pamba ya Usukuma ipate njia ya kushukia baharini. Mji wa kikoloni ulipimiwa watawala na wafanyabiashara. Mchukuzi na kibarua walijitafutia pa kulala. Msomaji wa Unguja anayeijua Ng'ambo hahitaji kusimuliwa zaidi.

Lakini ukoloni haubebi lawama yote. Mwaka 1972 serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, na jina hilo lilikuwa zuri kuliko jambo lenyewe. Halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa, za wilaya kwanza, kisha za miji, na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa mikoa na wilaya waliowajibika kwa serikali kuu. Macho ya taifa yalikuwa vijijini. Mji ukakosa mwenyewe wa kupima viwanja, kuzoa taka na kuzibua mifereji.

Na miaka hiyo ndiyo watu walipomiminika. Sensa ya 1967 iliwakuta Mwanza watu wasiofika 35,000. Ile ya 1978 ikawakuta zaidi ya 110,000. Mji umeongezeka zaidi ya mara tatu, na kwa sehemu ya muda huo hauna baraza! Si kwamba kila nyumba ya vilimani ilijengwa wakati huo. Ila desturi ya kujijengea bila kumngoja mpimaji ilipata nafasi ya kukomaa, kwa kuwa mpimaji hakuwapo wa kungojwa.

Miji ilipochakaa, na kipindupindu kilipozuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, Bunge likapitisha sheria ya 1978 ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria kamili, Namba 8, ikaja 1982. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Mwanza ilipatwa na yote mawili, maana ndiyo iliyokuwa ngome ya ushirika wa wakulima wa pamba uliojengwa na Paul Bomani na wenzake katika miaka ya 1950.

Vyeo vya mji vilipanda upesi: manispaa mwaka 1980, jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 Ilemela ikapewa manispaa yake, na Igogo ikabaki Nyamagana, chini ya Halmashauri ya Jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela.

Visiwani sheha huteuliwa. Kule mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, na diwani wa kata huketi barazani kumchagua meya. Mkurugenzi, mwenye kalamu ya fedha, huteuliwa na Rais. Kwa hiyo mkazi wa kilimani anao wa kumlalamikia aliyemchagua mwenyewe, lakini huyo naye hana fungu.

Hata hivyo kuna lililofanyika. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda majabali, na mvua kubwa ikinyesha uchafu wa juu hushuka kwa walio chini, kisha ziwani, kulikochotwa maji ya mji mzima. Kuanzia miaka ya 2010 mamlaka ya maji ya Mwanza ilianza kulaza vilimani, Igogo ikiwamo, mabomba membamba yasiyozama sana, yanayopenya kati ya nyumba na nyumba na kuteremka na mwinuko wa ardhi. Badala ya kuwahamisha watu, bomba ndilo lililolazimika kuufuata mji jinsi ulivyojijenga.

Kodi nayo imekwishafika. Kodi ya majengo, iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU; mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba yenye mita hulipa, iwe ina hati ya kiwanja au haina.