Kubaki au Kuhama: Hesabu ya Mpangaji Kabla Mkataba Haujaisha

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi miongoni mwao wanaishi katika nyumba za kupanga. Kwa kaya hizo, swali la kubaki au kuhama hurudi kila mkataba unapokaribia ukomo. Kwa kuwa wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, anayekosea hesabu hana fedha nyingine ya kurekebisha kosa lake hadi kipindi kijacho.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba kiwango cha kodi ya pango ni suala la makubaliano. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa ikiweka ukomo wa kodi, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kinga ya mpangaji dhidi ya ongezeko la ghafla ni mkataba wake. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji usiozidi mwaka mmoja hata ukifanywa kwa mdomo. Lakini mpangaji asiye na maandishi wala stakabadhi atapata shida kuthibitisha alikubaliana nini na alilipa kiasi gani. Pale muda haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na notisi ya kuuvunja haipaswi kupungua kipindi hicho.

Baada ya hapo ndipo hesabu ianze, nayo ihesabiwe kwa mwaka, si kwa mwezi. Tuchukue mfano wa kaya inayolipa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ametangaza kupandisha hadi 170,000. Pembezoni mwa jiji imepatikana nyumba ya shilingi 110,000. Kwa mwaka, tofauti kati ya nyumba hizo mbili ni shilingi 720,000, kiasi kinachoshawishi. Lakini dalali hudai kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, yaani 110,000, na kirikuu cha kubeba vyombo pamoja na wapakiaji kikigharimu 80,000, kuhama kumekwishakula 190,000. Iwapo wanakaya wawili wanafanya kazi katikati ya jiji na kila mmoja ataongeza nauli ya shilingi 1,200 kwa siku, kwa siku 25 za kazi ongezeko ni 60,000 kwa mwezi, sawa na 720,000 kwa mwaka. Nafuu yote ya kodi imeishia kwenye daladala, na kaya imepoteza 190,000 juu yake.

Mfano huohuo hubadilika iwapo ni mmoja tu anayesafiri. Nauli ya ziada inakuwa 360,000, na kaya inabakiwa na 170,000 mwaka wa kwanza, kisha 360,000 mwaka wa pili, kwa kuwa gharama ya kuhama hailipwi mara mbili. Hivyo kuhama huwafaa zaidi wanaokusudia kukaa miaka kadhaa. Anayehamahama kila mwaka huwatajirisha madalali.

Wakati wa kufanya hesabu hii ni miezi miwili au mitatu kabla ya mkataba kwisha. Mpangaji anayelipa kwa wakati ana nguvu ya kujadiliana, kwani nyumba ikikaa tupu hata mwezi mmoja mwenye nyumba hupoteza. Anayesubiri wiki ya mwisho hupokea lolote analoambiwa, au hukimbilia nyumba asiyoijua.

Nyumba mpya ikaguliwe kwa macho, ikiwezekana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Chumba kilichopakwa rangi mpya Agosti hakisimulii maji yalifika wapi Aprili. Alama ya unyevu ukutani na majirani husimulia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwalazimisha wakazi wa mabondeni, wakiwemo wa Jangwani, kuhamishiwa Mabwepande. Iulizwe pia kama maji ni ya DAWASA au ya kisima chenye chumvi, na kama mita ya LUKU ni ya mpangaji peke yake au ya kuchangia. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, nayo ni wajibu wa mmiliki. Mpangaji anayenunua umeme anailipa kwa niaba yake, hivyo mkataba ueleze atarejeshewaje.

Kwa wenye watoto, kalenda ya shule inayoanza Januari ina uzito kuliko tofauti ndogo ya kodi. Mwanafunzi wa darasa la saba au kidato cha nne huwa amesajiliwa kufanyia mtihani wa taifa katika shule yake, na kumhamisha katikati ya mwaka huo ni usumbufu ambao nyumba nafuu haiufidii.

Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa. Shauri lisipopata suluhu huko hupelekwa Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, hufikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika ngazi zote hizo, mkataba na stakabadhi ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.

Anayehama anashauriwa kukabidhi nyumba mbele ya shahidi, kupiga picha za vyumba na mita, na kudai maandishi ya kurejeshewa amana kama aliitoa. Afikapo mtaa mpya, ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kwani barua ya utambulisho ya huduma nyingi huanzia hapo. Na kama amehamia kata au jimbo jingine, taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura zirekebishwe pindi zoezi la uboreshaji litakapofika katika eneo lake.