Kiti cha Nakuru: Kutoka Baraza la Walowezi hadi Maeneo Bunge Mawili

Mji wa Nakuru ulizaliwa na reli ya Uganda, iliyofika chini ya Menengai mwaka wa 1900, lakini kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo haukuwa na mtu wa kuusemea peke yake katika chombo chochote cha kutunga sheria. Uwakilishi katika eneo hili haukuanza na watu wa mji. Ulianza na wenye mashamba yaliyouzunguka. Mnamo 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na kupelekwa Laikipia, ardhi yao ikagawiwa walowezi wa Kizungu, na kuanzia hapo swali la nani awe na sauti katika Nakuru lilijibiwa kwa kutazama umiliki wa ardhi kabla ya kutazama idadi ya wakazi.

Mji kukosa mbunge wake haikuwa hali ngeni katika dola ya Kiingereza. Baada ya Mkataba wa Muungano wa 1707, miji ya Scotland ilipewa viti 15 katika Bunge la London, na ni Edinburgh pekee iliyopata kiti kizima, huku miji mingine ikikusanywa katika mafungu ya minne au mitano, kama Stirling ilivyolazimika kugawana mbunge na Dunfermline, Inverkeithing, Culross na Queensferry. Mbunge huyo hakuchaguliwa na wakazi bali na wajumbe wa mabaraza ya miji, na utaratibu huo ulidumu hadi sheria ya mageuzi ya 1832. Hata hivyo, miji ya Scotland angalau ilitajwa kwa majina. Nakuru ilimezwa katika jimbo la uchaguzi lililoitwa Bonde la Ufa, na rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua nani apige kura.

Baraza la Kutunga Sheria, chombo kilichotangulia Bunge la Kenya, lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1907 likiwa na wajumbe walioteuliwa na serikali, na miongoni mwao alikuwa Lord Delamere, aliyemiliki ranchi ya ekari 100,000 huko Njoro na baadaye akahamishia makao yake Soysambu karibu na Elmenteita. Uchaguzi wa kwanza ulipofanyika mwaka wa 1920, Wazungu walipewa viti 11, na Delamere akachaguliwa kuliwakilisha Bonde la Ufa, nafasi aliyoishikilia hadi kifo chake mnamo Novemba 1931. Uongozi wa wajumbe wa Kizungu ulimwangukia Lord Francis Scott wa Rongai, na kuanzia 1948 kiti cha Bonde la Ufa kilishikwa na Michael Blundell, mkulima wa Subukia. Wahindi wenye maduka mjini walipewa viti vitano kwa Kenya nzima kupitia Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza wa 1923, kwa daftari la wapiga kura lililotengwa kwa misingi ya rangi, jambo ambalo viongozi wao walilikataa kwa kususia uchaguzi. Waafrika, ambao ndio waliopakia mahindi kwenye mabehewa na kukamua ng'ombe wa mashamba hayo, walisemewa na mmishonari mmoja aliyeteuliwa.

Mlango ulifunguliwa kidogo mnamo Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kujaza viti vinane, na kile cha Bonde la Ufa kikachukuliwa na Daniel arap Moi, mwalimu kutoka Baringo aliyekuwa ameteuliwa katika Baraza mwaka wa 1955. Haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, kipato na mali, kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza kuonyesha hati ya uaminifu kwa serikali. Sharti hilo liliwabana mno wakazi wa Nakuru, kwa sababu wafanyakazi wengi wa mashamba ya jirani na wa vitongoji vya mji walikuwa Wakikuyu, na maelfu yao walikuwa wamefukuzwa katika Bonde la Ufa wakati wa Hali ya Hatari iliyowekwa kupambana na Mau Mau. Uchaguzi wa Februari 1961 ulibeba kinaya kinachostahili kukumbukwa: katika kinyang'anyiro cha kiti cha Wazungu cha Bonde la Ufa, Blundell alishindwa vibaya na Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck katika kura ya awali ya Wazungu peke yao, lakini kwa kuwa alivuka kiwango cha asilimia 25 kilichohitajika, aliingia katika kura ya pamoja na kushinda kwa kura za Waafrika.

Mwaka wa 1963 ndio ulioipa Nakuru Mjini mbunge wa kukumbukwa kuliko wote, Ramogi Achieng' Oneko. Alikuwa Mjaluo kutoka Nyanza, mmoja wa washtakiwa sita wa kesi ya Mau Mau ya Kapenguria, aliyeendelea kuzuiliwa hata baada ya hukumu yake kufutwa katika rufaa, na alichaguliwa kwa tiketi ya chama cha KANU na mji wenye mchanganyiko wa makabila, wenye wafanyakazi wa reli, makarani na vibarua wa maghala ya chama cha wakulima, KFA. Ushindi huo ulionyesha kwamba wapiga kura wa mji waliweza kumpima mgombea kwa mapambano aliyopitia bila kumuuliza kwao ni wapi. Oneko akawa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii. Mnamo Agosti 12 ya mwaka huohuo, katika ukumbi wa mji wa Nakuru, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi akiwaomba wabaki na kulima, akizungumzia kusameheana. Kwa hiyo katika kipindi kifupi mji uleule ulimchagua mfungwa wa zamani kuwa mbunge na kuwahakikishia mabwana wa zamani usalama wa mashamba yao.

Mvutano huo wa ardhi ndio uliomwondoa Oneko. Alipojiuzulu uwaziri mwaka wa 1966 na kumfuata Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU, kilichodai ardhi igawiwe bure kwa wasio nayo, Bunge lilibadilisha Katiba upesi ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura, na katika Uchaguzi Mdogo Mkuu wa Juni 1966 Oneko alishindwa Nakuru. Mwaka wa 1969 aliwekwa kizuizini hadi 1975. Kiti kilishikwa baadaye na Mark Mwithaga, mjumbe wa kamati teule ya Bunge iliyochunguza mauaji ya mwanasiasa J. M. Kariuki mwaka wa 1975, ambaye mwaka huohuo alifungwa jela.

Nje ya mji, katika eneo bunge la Nakuru Kaskazini, siasa ilijengwa juu ya hisa. Kihika Kimani aliongoza Ngwataniro, kampuni iliyokusanya pesa za watu wa kipato kidogo ili kununua mashamba makubwa ya walowezi waliokuwa wakiondoka, na wenye hisa hao, wakisubiri kugawiwa vipande vyao, ndio waliokuwa wapiga kura wake alipoingia Bungeni mwaka wa 1974. Ilikuwa Nakuru pia, mnamo Septemba 1976, ambako kundi lake lilianza hadharani kampeni ya kubadilisha Katiba ili Makamu wa Rais, Moi, asirithi urais moja kwa moja, hadi Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alipoizima kwa onyo kuhusu sheria ya uhaini. Mwaka wa 1979 kiti kilimwendea Koigi wa Wamwere, aliyekuwa amekaa kizuizini kuanzia 1975 hadi 1978, na mwaka wa 1982 alizuiliwa tena, watu waliomchagua wakabaki bila msemaji.

Uchaguzi wa vyama vingi ulirudi mwaka wa 1992 ukiwa umetanguliwa na mapigano ya kikabila, na wapiga kura waliochomewa nyumba huko Molo na Njoro, kabla ya uchaguzi huo na baada ya ule wa 1997, walipoteza pamoja na mashamba yao mahali pa kujiandikisha. Mwaka wa 2002 Nakuru Mjini ilimchagua Mirugi Kariuki, wakili aliyewahi kuzuiliwa bila kushtakiwa na kisha kushtakiwa kwa uhaini pamoja na Koigi. Alifariki katika ajali ya ndege huko Marsabit mnamo Aprili 10, 2006, akiwa katika safari ya kupatanisha jamii zilizokuwa zikigombana, na mwanawe William akamrithi katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo. Mwishoni mwa Januari 2008 mji wenyewe uliwaka moto wa ghasia zilizofuata uchaguzi.

Chini ya Katiba ya 2010 eneo la Nakuru Mjini liligawanywa, na mwaka wa 2013 David Gikaria alichaguliwa upande wa Mashariki na Samuel Arama upande wa Magharibi, wakiwa miongoni mwa wabunge 11 wa maeneo bunge ya Kaunti ya Nakuru. Binti wa Kihika Kimani, Susan Kihika, alichaguliwa seneta wa kaunti mwaka wa 2017 na gavana mwaka wa 2022. Ibara ya 89 ya Katiba inataka idadi ya wakazi katika kila eneo bunge ikaribiane na wastani wa nchi, ikiruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, iliingia katika kundi hilo la kwanza. Katiba inaagiza pia mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12, lakini kikomo cha Machi 2024 kilipita Tume ya Uchaguzi ikiwa haina makamishna, na jiji likaendelea kuwakilishwa kwa mipaka iliyochorwa mwaka wa 2012, ilhali mitaa kama Kaptembwo na Rhoda imezidi kujaa watu.