Nondo wa Nguo na Jamaa Zake

Nondo wa nguo, yule mdudu dhalili ambaye upana wake, bawa hadi bawa, haufiki sentimita 2, amewashughulisha maulamaa wa elimu ya wadudu kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi alimwandika kwa jina la Tinea pellionella yule ambaye kiwavi wake hujifumia ala ya hariri na nyuzi za sufu, akaenda nayo kila aendako mithili ya konokono na nyumba yake. Na mwaka 1823 Hummel akamwandika Tineola bisselliella, mwenye rangi ya dhahabu isiyo na doa, ilhali mwenziwe ni wa kahawia ya kijivu, mwenye madoa matatu bawani. Lakini madoa hayo hufutika upesi kama vumbi, na jamaa zake kadhaa, ajabu ya Mungu, wanayo vilevile! Kwa sababu hiyo Gaden Robinson wa makumbusho ya viumbe ya London, alipoichambua upya jamii hiyo mwaka 1979, hakuridhika na sura ya nje, bali aliwapambanua kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini. Nawe msomaji, sufu yako ikiliwa, itafute ala kwanza: kiwavi wa bisselliella hana ya kubeba.